Bega Lililorudishwa Haraka Mno

Saa moja asubuhi, kijijini Usevya, wilaya ya Mpanda. Mabula Nkwabi anafika mwisho wa mfuo wa kumi na nne. Hapa wakulima wenzake huinua plau kwa mikono miwili na kuigeuza. Yeye haiinui. Anailaza ubavu, anaiacha iburuzwe, huku mkewe, Suzana, akiwazungusha maksai kwa mduara mpana hadi kwenye mfuo unaofuata.

Kwa hiyo miisho yote miwili ya shamba inabaki na majani. Suzana ataimalizia kwa jembe la mkono.

“Watu wanasema shamba la kipa lina goli huku na goli kule,” anasema Mabula, mwenye umri wa miaka 29. “Mwanzoni nilikuwa nanuna. Sasa nawaambia nyie njooni mpige penalti.”

Alikuwa golikipa wa timu ya kijiji. Agosti 1993, baada ya mavuno, aliruka kulia kuzuia mpira, akaangukia mkono ulionyooka. Bega likachomoka.

Nahodha wa timu, Kalisti, ambaye ni fundi baiskeli, alimlaza chini, akamwekea kisigino kwapani na kuvuta. Bega likarudi. Mabula akasimama tena golini, wakashinda, akabebwa juu juu hadi nyumbani.

Ndani ya miaka miwili lilichomoka mara sita zaidi. Kila mara Kalisti alilirudisha, na mchezo ukaendelea.

“Likirudi, sisi tulijua limepona,” anasema Kalisti. “Hakuna aliyemtakia mabaya. Mimi mwenyewe nilikuwa najisifu.”

Mara ya nane haikuwa uwanjani. Ilikuwa Desemba mwaka jana, kwenye shamba la mtu, mvua ikinyesha. Mabula aliinua plau kuigeuza kabla maksai hawajasimama, wakamvuta pamoja nayo. Kalisti hakuwepo. Mabula alipofikishwa zahanati kwa baiskeli, jua lilikuwa linazama na vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kulimia watu ndiko kulikoilisha nyumba yake tangu wazazi wake walipohamia huku na ng’ombe kutoka Shinyanga. Msimu mzuri alilima ekari ishirini, kila moja shilingi elfu tano. Msimu huu wa 1996 hajachukua hata moja. Ana ekari mbili zake tu, za mahindi.

Bernadetha Lyamba, tabibu aliyempokea, anazungumza taratibu.

“Bega lake ni mlango uliolegea bawaba. Kuufunga si kuutengeneza. Nilimwambia, mkono huo usiinue kizito mpaka nikuruhusu. Likichomoka tena, sina uhakika vidole vitarudi.”

Alimfundisha kufunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo, kubana kiwiko ubavuni na kuuvuta polepole, mara thelathini, asubuhi na jioni. Mpira aliuleta Kalisti.

“Hakutaka hela,” anasema Mabula. “Alikaa pale ananitazama mpaka nikamaliza.”

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu ajali ya plau, na bega halijatoka tena. Usiku anaweza kulalia upande wa kulia.

Saa nne kasoro, plau inagonga kisiki na kukwama. Maksai wanasimama. Mabula anashika mishikio yote miwili, anakunja magoti.

“Baba Kulwa,” anaita Suzana kutoka mbele.

Anatikisa mishikio.

“Baba Kulwa, achia.”

“Imekwama kidogo tu. Inatikisika hii.”

“Hata mwaka jana ulisema kidogo tu.”

Anabaki ameinama. Maksai mmoja anapiga mkia. Kisha Mabula anaondoa mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

Mdogo wake, Malale, ndiye anayeweza kuing’oa, lakini leo yuko mnadani. Mawingu yanajikusanya, na imebaki mifuo kumi na miwili. Mvua kubwa ikitangulia, udongo hautashikika kwa siku kadhaa.

“Bega haliumi,” anasema Mabula, akipangusa mikono kwenye suruali. “Kinachouma ni kuiacha.”

Golini hafikirii kurudi. Timu imepata kipa mwingine, na Mabula ameshamwonya: bega likitoka, aende zahanati kabla ya kwenda kwa Kalisti. Anachokitaka ni msimu ujao aigeuze plau mwenyewe mwisho wa shamba, kisha achukue ekari za watu, hata tano za kuanzia.

Suzana anawafungua maksai nira na kuwatanguliza nyumbani. Plau inabaki imesimama kwenye kisiki. Kesho asubuhi Malale atakuja na shoka.