Bustani ya Mvua na Kaburi la Mdogo Wangu

Tangu tumzike mdogo wangu, mama haipendi mvua. Wenzetu hapa Buhongwa wakiona wingu zito upande wa ziwa hushukuru, maana mahindi yanangoja. Mama huvaa viatu vya mpira, huchukua jembe, huenda kusimama kaburini.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi. Aliondoka Kirumba na wenzake kwa mtumbwi, upepo ukawapindua, wenzake wakaokolewa. Yeye alitafutwa kwa siku kadhaa mpaka ziwa lilipomtupa kwenye mawe. Mama ndiye aliyemtambua. Alivyomkuta sitaeleza, nimejaribu kusahau nimeshindwa. Tulimzika nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, upande wa chini wa uwanja kando ya migomba. Watu walipomaliza kurudishia udongo, mama alisema, "Nimemtoa majini. Sitaki maji yamfikie tena."

Basi tukamjengea. Heshima tunayoijua sisi ni saruji. Kaburi likawekwa vigae vyeupe, na uwanja wote ukasakafiwa kuanzia mlangoni mpaka ukingoni mwa kaburi, ili wageni wanaokuja kutoa pole wasikanyage tope. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba yetu iko kwenye mteremko. Mvua ya kwanza ilishuka kutoka kwenye bati, ikapiga sakafu, ikakosa pa kuingia, ikateremka yote kwa mkupuo hadi kwa marehemu. Msimu ulipokwisha, kona moja ya kaburi ilikuwa imechimbika kwa chini kiasi kwamba mkono ungeweza kuingia. Mama aliuingiza wake. Alipoutoa ulikuwa na tope hadi kiwikoni, akautazama na kuutazama.

Kuanzia hapo akawa anasikia. Alisema mvua ikikolea, chini ya vigae kuna sauti ya mtu anayenyweshwa maji kwa nguvu. Nilimwambia ni maji tu yanapita kwenye uwazi. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sikosi jibu, na jibu hilo halikunisaidia hata mimi mwenyewe. Mvua iliyofuata nilisimama naye pale, nikaisikia. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Shuleni kwetu maji ya paa yalikuwa yanakula msingi wa madarasa, tukachimba bustani ya mvua. Si jambo la ajabu. Ni shimo pana, kina chake kama magotini, linakaa mahali maji yanapopita. Chini unaweka mchanga na samadi, juu unapanda mimea inayovumilia kulowa na kukauka. Maji yanaingia, yanatulia, yanazama ardhini kabla mbu hawajapata pa kuzaliana. Ufa wa msingi uliacha kukua. Nikajisemea, kwa nini nisiyakamate maji ya nyumbani huku juu, karibu na bati, kabla hayajashika njia ya kaburini?

Mama hakutaka hata kusikia.

"Unataka umchimbie bwawa?"

"Si bwawa, Mama. Liko mbali naye, na maji hayakai."

"Maji yakishaingia shimoni yanakwenda wapi?"

Swali hilo nililikwepa. Nilimwambia tujaribu, na kama hatapenda nitalifukia mwenyewe. Alikubali kwa kuchoka, si kwa kuridhika.

Jumamosi nilivunja ukanda wa saruji kati ya nyumba na jiko, nikachimba. Nafasi ilikuwa nyembamba, kwa hiyo shimo likawa refu na jembamba, udongo nikaurundika pembeni. Sikufikiria linafananaje. Jioni ilipokaribia, jirani wa chini yetu alipandisha na wanawake wawili, khanga kichwani, mmoja amebeba kuni.

"Shikamoo, Mama," alisema, sauti imeshuka. "Pole. Ni nani tena?"

Mama alitazama shimo, akawatazama wao. Nilitamani ardhi inimeze, ila kwa siku ile hayo hayakuwa maneno ya kutamka. Nikaanza kueleza habari za maji ya bati na mchanga, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimechanganyikiwa. Yule wa kuni alizitua chini taratibu, kama aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Wewe mtoto," mama aliniambia walipoondoka, "umesoma ukapitiliza. Shimo la namna hii halilali tupu penye kaburi. Linaita mtu. Na mimi nimebaki na wewe tu."

Hakusubiri nibishe, na sikuwa na hamu ya kubisha. Alikata mgomba mmoja, tukaukokota wote wawili, tukaulaza ndani ya shimo. Aliufunika kwa majani yake, akautupia udongo kwa kiganja mara kadhaa, kama tulivyofanya siku ya mazishi. Nilijua kwamba kile ni kipande cha mgomba, na bado sikuthubutu kuruka shimo kwenda jikoni. Nilizunguka nyumba nzima.

Kesho yake hatukuutoa. Tuliuzika mulemule kwa mchanga na samadi, juu yake nikapanda magimbi, mchaichai na nyasi ndefu za bondeni. Jirani alituma salamu akiuliza ni nani atakula magimbi yaliyoota juu ya mgomba uliozikwa. Mama alicheka kidogo, nikashangaa kumsikia.

Mvua ya vuli ilikuja alasiri moja, kwa kishindo. Maji ya bati yalikata njia, yakaingia bustanini, rangi ya chai ya maziwa, yakapanda hadi kwenye shingo za magimbi. Mama alikuwa hapo, si kaburini. Tulisubiri yafurike. Hayakufurika. Ilipokatika nilishuka kwenye vigae nikainama kusikiliza, na chini yake palikuwa kimya. Hata jirani, ambaye kila mvua tulikuwa tunampelekea tope hadi mlangoni, alitoka nje akasimama anaangalia uwanja wake usio na tope.

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa bustani. Maji yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa umebaki mchanga wenye unyevu na majani yaliyosimama.

"Yamekwenda wapi?" aliuliza.

Ningeweza kumwambia mimea imeyanywa, na isingekuwa uongo wote.

"Yamezama ardhini, Mama."

"Ardhi ipi?"

Niliangalia mteremko, migomba, vigae. Hakukuwa na ardhi nyingine.

"Hii hii."

Nilijua sasa ataniambia nifukie. Alishika mchanga, akaufinya, akauachia.

"Kwa hiyo yatamfikia."

"Machache. Polepole sana."

"Polepole," alirudia. "Yale ya ziwani hayakumpa hata nafasi ya kuniita." Akaupapasa mchanga kama anayelaza mtoto. "Haya yaache yaende."

Nikalia mbele yake, mimi niliyekuwa sijalia tangu msibani, naye hakuninyamazisha.