Mkono wa Katikati

Mume wangu wanamwita Katikati, na wala si kwa ajili ya kimo chake, maana ukimweka kwenye foleni huyo unamtafuta kwa tochi. Ni gitaa. Kwenye muziki wa ska ngoma ikisema "tu", gitaa halisemi nayo. Linasubiri, kisha linaingia pale palipobaki wazi: "cha". Tu-cha, tu-cha, mbio mbio, kama mtu anayewahi kazini huku anafurahi, na mtu wa namna hiyo mimi sijamwona bado. Kazi ya mume wangu kwenye bendi ni hiyo "cha".

Mchana anatengeneza makochi. Jioni alikuwa anavuta kiti pembeni ya cherehani yangu, gitaa mapajani. Mimi nakanyaga, yeye anajaza. Ndivyo alivyojifunza kila wimbo wa bendi yao, kwa mguu wangu. Nikimwambia, "Baba, utanifanya nishone vidole," anacheka tu na kuendelea.

Halafu asubuhi moja, anafunga vifungo vya shati, upande wa kulia ukapooza. Hospitali walimpigania, Mungu awazidishie. Nikarudishiwa mume wangu akitembea kwa fimbo, maneno yakimtoka moja moja. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Mtaalamu wa viungo akasema utaamka ukipewa kazi, na mume wangu akaelekeza kidevu kwenye gitaa ukutani.

Wenzake wakaja Jumapili mchana: wa ngoma, wa besi na wa tarumbeta. Wakabanana sebuleni kati ya cherehani na makochi ya wateja. Kabla hawajaanza, akawaambia kwa taabu, "Leo nikishindwa... tafuteni mwingine." Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili.

Wakaanza na wimbo wa harusi. Jamani, wimbo ule unapigwa kwa sauti ya juu, ufunguo wa Sol, unacheka wenyewe hata kabla hujaucheza. Lakini wao, kwa kumhurumia, wakaushusha hadi Mi na kuupunguza mwendo mpaka ukawa unatembea kwa fimbo nao. Mkono wa mume wangu ukaenda, ukachelewa. Ukaenda tena, ukawahi. Ile nafasi ya katikati ilikuwa imegeuka uwanja mzima, na mkono unazurura humo haujui pa kusimama. Akaanza kuvua mkanda wa gitaa.

"Pole, kaka," akasema wa besi. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Hee!" nikaruka. "Nani kavunjika hapa? Huo ni wimbo wa harusi, au mnamzika mume wangu na mimi nikiwa mzima?"

"Shemeji, tunamwonea huruma tu," akasema wa ngoma.

"Huruma kaitumie kwenu. Rudisheni Sol yake, na mwendo wake."

"Hataweza, shemeji," akasema, akaweka vijiti chini.

"Basi wewe pumzika."

Nikakaa kwenye cherehani. Suruali ya mteja ilikuwa bado chini ya sindano, sikuitazama hata. Nikakanyaga mwendo wetu wa kila jioni, na mguu wangu haujui huruma, ushukuriwe. Wa besi akanifuata. Mume wangu akakaza macho kwenye mguu wangu. Mizunguko ikapita mitupu, nikajuta, nikaendelea kukanyaga. Kisha nikasikia "cha". Kavu, nusu ya nyuzi hazikuguswa, lakini ilikaa palepale. Ikaja nyingine. Ikaja nyingine tena. Wa ngoma akaokota vijiti vyake bila kuniangalia, na wa tarumbeta akapuliza huku analia, ndiyo maana alikosea kote.

Nilipotaka kupumua, mume wangu akasema, "Usisimame, mama watoto." Maneno matatu kwa mkupuo! Ningesimama vipi?

Walipoondoka nikachomoa suruali. Lo, nilikuwa nimeshona mguu wa kulia na wa kushoto ukawa mguu mmoja mnene. Nikamwonyesha. Akacheka kile kicheko chake, ambacho hakikupooza hata siku moja.

"Lete," akasema, akanyoosha mkono wa kulia. Ukatetemeka hewani, ukashika pindo, ukakaza. Yeye akashikilia upande wake, mimi nikafumua upande wangu, na kila uzi uliotoka nilimshukuru Mungu kwa sauti.