Kivuli cha Vyungu vya Mama Tusekile

Siku yangu ya kwanza kazini kama bwana shamba wa mkataba, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi msumeno wa mkono, kamba ya katani na onyo. "Kijana, miti ya uani haimo kwenye mpango kazi wetu." Jana yake upepo wa ziwani ulikuwa umelaza migomba na kuvunja miti ya nyumbani kutoka Ipyana hadi ufukweni. Kama si hiyo, ni miti gani iliyotuhitaji asubuhi ile? Nilikwenda bila kibali.

Mkataba wangu umekwisha mwezi huu, na ninakiri kwamba watu wamenichosha kuliko dhoruba. Wanakata tawi zito kwa kuanzia juu! Tawi hushuka kabla halijakatika, likachuna gome la shina zima. Mkato wa kwanza huanzia chini, usio na kina. Wa pili hufuata juu, mbele kidogo. Mwisho kisiki huondolewa nje ya kola, yaani ule uvimbe ambapo tawi huota. Kosa jingine nimelikuta kwa wafinyanzi wa ufukweni pekee: kuziba jeraha la mti kwa udongo wa vyungu. Unyevu hufungiwa ndani, uozo ukastawi.

Kwa Mama Tusekile, mfinyanzi wa kabila la Wakisi, nilikuta yote mawili. Shemeji yake alikuwa juu ya mparachichi, akilikata kwa panga tawi lililovunjika. Jeraha la tawi jingine lilikuwa limeshapakwa udongo.

"Baba, shuka! Unauchuna mti!"

"Mti huu ulianza kuzaa wewe hujazaliwa. Huko chuoni mlifundishwa kukata, au kupiga kelele tu?"

Mama Tusekile akaingilia kati. "Mwanangu, udongo wangu ni laini, hauna mchanga. Utashika."

"Mama, chungu kilichokauka kikipata ufa, ukikiziba kwa udongo mbichi, unashika?"

Alimtazama shemeji yake, kisha akanitazama mimi. "Haushiki. Unabanduka."

"Basi na hapa ni hivyo hivyo."

Akaubandua kwa mikono yake.

Ushindi huo ulinilevya. Tawi la magharibi lilikuwa zima, lakini nililiondoa, kwa mikato yote mitatu, ili mti usielemee upande mmoja. Alasiri jua likapiga mahali ambapo halikuwa limefika kwa miaka: juu ya vyungu vibichi, vilivyopangwa kivulini vikauke polepole. Kabla ya jioni, sita vilikuwa vimepasuka.

"Mti umepona, bwana shamba," alisema. "Vyungu vyangu je?"

Kesho yake mimi na shemeji tulimjengea kibanda cha nyasi, kivuli cha muda mpaka machipukizi yakue. "Nguzo nazo tunazikata kuanzia chini, mwalimu?" shemeji alinidhihaki kutwa nzima. Tangu hapo, kabla ya kugusa mti wa mtu, nimeuliza kwanza nani anaishi kwa kivuli chake.

Jana nilirudisha msumeno. Mkuu wa Kitengo aliupokea bila kuuliza ulikata nini. Kisha nikaenda kumuaga Mama Tusekile. Alinipa chungu chenye ufa, kimoja kati ya vile sita, na ndani yake mche wa parachichi.

"Nilikichoma na ufa wake," alisema. "Hakifai kupikia, ila mche kinaulea. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ukienda kuupanda, tazama kwanza jua la alasiri linatokea wapi."