Nani Aliyeitoa Gia Kwenye P

Kwa miaka kumi na miwili Bi Taratibu aliendesha gari la kliniki ya macho, na hakuna mgonjwa aliyewahi kugonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Jina hilo alipewa na wauguzi, wakimcheka mwendo wake, naye akalipenda kuliko jina lake la kuzaliwa. Mtu aliyetoka kupasuliwa jicho hatikiswi, alikuwa akisema. Anayetaka kutikiswa akapande punda.

Gari lenyewe lilikuwa otomatiki, na wapo waliosema otomatiki ni gari la wavivu. Hao aliwajibu kwa kuwaonyesha jinsi anavyoegesha. Kwanza anakanyaga breki na kupeleka gia N, yaani huru. Anavuta handbreki, kisha anaachia breki ya mguu polepole mpaka uzito wa gari ulale kwenye handbreki. Hapo tena ndipo anakanyaga na kuweka P, gia ya kuegeshea. Ukikimbilia P kwenye mteremko, gari zima linaning'inia kwenye kipini kidogo kilichomo ndani ya gia, na kipini hicho, alisema, hakikuumbwa kubeba ukoo mzima.

Kliniki ikaajiri dereva wa pili wa kupokezana naye, mwanamume mmoja aliyezeekea kwenye malori. Wakamwita Tani Kumi. Malori alikuwa anayajua, lakini otomatiki ilimshinda vibaya. Mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi isiyokuwepo, ukaangukia breki, na siku ya kwanza nusura amrushe muuguzi mkuu kupitia kioo cha mbele. Angefukuzwa wiki hiyohiyo. Bi Taratibu akamwombea, na kila mchana wagonjwa wakipungua akamfundisha nyuma ya stoo. Alimvua kiatu cha kushoto.

"Mguu ulio peku hauna kazi, kaka. Kila ukisikia ubaridi wa sakafu, kumbuka kuuacha umelala."

"Na huku kukanyaga breki kila nikitaka kuitoa P, kuna faida gani?"

"Ndiyo adabu yake. Usipokanyaga, haitoki. Na usiporudisha P, ufunguo hauchomoki. Gari lina akili kuliko mimi na wewe."

Mwezi mmoja baadaye Tani Kumi alikuwa anaendesha vizuri tu, na kila aliyemsifu alielekezwa kwa mwalimu wake. Siku betri ilipokufa, mwalimu alimwonyesha na siri ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine. Pembeni mwa gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Ukikibandua unakuta tundu. Ukibonyeza mle ndani kwa kitu chembamba, gia inatoka P hata bila ufunguo, unaweka N na kulisukuma gari. "Lakini ukimaliza, rudisha P kabla hujafanya jambo lingine lolote," alimwambia. "Gari lililoachwa N halina mwenyewe."

Mwanzoni mwa mwaka zikaja habari kwamba kliniki itabaki na dereva mmoja. Bi Taratibu hakupoteza usingizi. Alijua rekodi yake, na moyoni alikuwa ameshapanga jinsi ya kumtafutia mwenzake kazi kwingine.

Jumanne moja asubuhi akaegesha mbele ya stoo, kwenye mteremko, kwa utaratibu wake uleule. Ufunguo akautia mfukoni, milango akaiacha bila kuifunga kama kawaida, akaingia ndani kuorodhesha wagonjwa wa kurudishwa nyumbani. Huko nje lori la dawa likaja, likashusha, likaondoka. Kupita robo saa ukasikika mshindo. Alipotoka mbio, gari lilikuwa limerudi nyuma lenyewe na kupasua ukuta wa tangi la maji, hatua tatu tu kutoka benchi la wagonjwa. Kwa bahati benchi lilikuwa tupu.

Akafungua mlango. Handbreki ilikuwa imevutwa nusu tu. Gia ilikuwa N. Kile kifuniko cha plastiki kilikuwa kimelala kwenye zulia. Alielewa palepale: lori lilikosa nafasi, mtu akalisukuma gari pamoja na wapakuzi, na mtu huyo akasahau kurudisha P. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamtafuta Tani Kumi kwa macho, akamwona kando ya ukuta anatazama viatu vyake.

Msimamizi wa kliniki akawaita wote wawili ofisini.

"Mzee, ufunguo huu hapa," Bi Taratibu alisema. "Usingechomoka kama sikuweka P."

"Gari limekutwa N. Limejitoa lenyewe?"

"Kuna mtu amebonyeza tundu la pembeni mwa gia."

Msimamizi akamgeukia Tani Kumi. "Unalijua hilo tundu?"

Bi Taratibu alingoja. Alikuwa tayari kumsamehe. Kusahau ni kwa kila dereva, na angesema neno moja tu kosa wangelibeba pamoja.

"Mimi mtu wa malori, mzee," Tani Kumi alisema. "Tundu ndiyo kwanza nalisikia leo. Ila dada huyu nimemwambia mara nyingi, handbreki ivutwe mpaka mwisho."

Basi hasira ikamfanya Bi Taratibu akosee. Aliwatoa wote nje uani, akarudisha gia P, akabonyeza ndani ya tundu kwa ncha ya ufunguo, gia ikatoka P mbele ya macho yao. "Mmeona?" Msimamizi akatikisa kichwa polepole. Akasema ni kweli ameona: hapa kliniki kuna mtu mmoja tu anayejua mchezo huo.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine alipomsikiliza. "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi," akasema, kisha akajuta kusema, maana mkewe alimgeuzia mgongo. Kilichomuuma hakikuwa ukuta wala gari. Alimwombea mtu yule abaki, akamvua kiatu kwa mikono yake.

Barua ya msimamizi ikaja, ikisema kosa ni lake, akaisaini. Kuanzia siku hiyo asiguse usukani. Akae mapokezi, awapange wagonjwa foleni. Ufunguo akapewa Tani Kumi.

Baada ya wiki gari likarudi kutoka kwa fundi wa bodi. Msimamizi alikuwa na safari ya hospitali kubwa na wagonjwa wawili, akapanda mbele. Tani Kumi akawasha, akakanyaga breki, akavuta gia. Haikutoka. Akavuta tena. Bi Taratibu, aliyewasindikiza wagonjwa mpaka mlangoni, aliona taa za breki haziwaki, akajua sababu mara moja: kule nyuma lilikogonga ukuta nyaya za taa za breki zilikuwa zimegusana, fyuzi ikaungua, na gari lisiposikia breki haliachii P. Kabla hajasema, Tani Kumi alichomoa kalamu mfukoni, akabandua kifuniko kwa ukucha, akabonyeza ndani ya tundu na kushusha gia mpaka D, ya kwenda mbele. Wala hakuangalia anakobonyeza.

Halafu mkono ukaganda. Msimamizi alikuwa anautazama.

Bi Taratibu alisogea dirishani, moyo ukimpiga kwa furaha. "Mzee, umeona?"

"Nimeona."

"Basi..."

"Barua nimeshaituma kwa wakubwa, na wewe umesaini. Nikawaambie nini, kwamba sikujua ninachokiandika?" Akatazama saa. "Wagonjwa wanachelewa. Dereva, twende."

Tani Kumi akaachia breki. Bi Taratibu aliwaambia kwa sauti kwamba taa za breki haziwaki, waende polepole. Aliwaambia kwa ajili ya wale wawili waliokaa nyuma wamefungwa bandeji. Gari likatoka getini. Akalia palepale uani, watu wakimtazama. Kwa wiki nzima alikuwa akijifariji kwamba anaonewa kwa sababu hawajui. Sasa walikuwa wanajua.