Maza Amekufa

Shirika letu lilipobinafsishwa, sisi tulirudishwa nyumbani na kiinua mgongo. Changu nilinunulia kompyuta iliyotumika, ya kutoka Dubai, nikaiweka chumbani kwangu, kwenye ghorofa moja ya Mchafukoge, nikawa nachapa kadi za harusi za watu. Harusi zenyewe sikualikwa hata moja. Ghorofa nzima walinijua kwa kelele za printa tu. Tukikutana ngazini ni "Mambo?" "Poa," halafu kila mtu na mlango wake. Nilikuwa mpweke, sina sababu ya kulipamba neno hilo.

Kompyuta nayo ikaanza kuchoka. Programu mpya za kadi zilikuwa nzito mno kwake. Nikiweka ua pembeni ya jina la bibi harusi, naenda kuchemsha chai, nakunywa, narudi, ua bado halijatokea. Nikanunua prosesa mpya, yaani ubongo wake, nikaibeba pamoja na mashine hadi Kariakoo, kwa fundi mmoja mwenye kibanda uchochoroni. Huyo bwana aliongea na vyombo kama daktari na wagonjwa wake. Mazabodi, ule ubao unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, yeye aliuita maza, kama vijana wanavyomwita mama mzazi, na kwake maza alikuwa mtu kabisa.

"Bosi, huyu maza wa zamani," aliniambia. "Prosesa yako miguu inaingia vizuri, lakini maza haitambui. Achana naye. Nunua maza mpya na memori zake, upumzike."

"Sinunui. Siku hizi kila kitu ni tupa, leta kipya. Mimi mwenyewe nimetupwa hivyohivyo. Mtengeneze huyohuyo."

Akaguna. Akasema ipo njia moja, kumwekea maza maelekezo mapya ndani yake ili amtambue mgeni. Ila umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, maza haamki tena. Nikamwambia ajaribu, Mungu yupo. Simu sikuwa nayo, nikamwachia namba ya duka la pale chini ya ghorofa yetu.

Basi umeme ukakatika. Fundi akapiga simu dukani wakati mimi nimekwenda Mnazi Mmoja kupunga upepo, akamwachia mwenye duka ujumbe: "Mwambie maza amekufa. Tulikuwa katikati ya operesheni, umeme ukakatika." Angesema "imekufa" yasingetokea yaliyotokea. Lakini fundi yule na ngeli zake!

Niliporudi nilikuta kandambili zimejaa ngazini. Mikeka imetandikwa koridoni, wanawake wamejitanda kanga, birika la kahawa linazunguka. Mama wa Kihindi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akinigongea dari kwa ufagio nikichapa, naye alikuwepo na chupa ya chai ya tangawizi. Mwenye duka, ambaye sijawahi kumwona akifunga duka mchana, alinikumbatia kabla sijafungua mdomo.

"Kaza moyo, ndugu yangu. Inna lillahi."

"Nani kafa?"

"Maza. Wamepiga simu."

Nikaelewa palepale. Kicheko kilinipanda nikakimeza, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amenishika bega, na mwingine ananiwekea kikombe mkononi. Wallahi ilikuwa tamu. Nikinyamaza, watu hawa watakaa nami mpaka jioni, na kesho watarudi. Nikisema, kila mtu atakunja mkeka wake na mimi nitabaki na mlango wangu. Nilikinywa kile kikombe taratibu kuliko kahawa yoyote niliyowahi kunywa.

Kisha wanawake wakaanza kupangiana zamu za kupika, na mmoja akauliza maiti inasafirishwa lini. Hapo nikaona haya.

"Jamani, mnisamehe. Aliyekufa ni maza wa kompyuta. Kile kibao cha ndani."

Korido nzima ikalipuka. "Astaghfirullah, tumeiombea dua kompyuta!" "Nimefunga duka kwa ajili ya bati!" Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka nao. Huku wanacheka, wakawa wanatafuta kandambili zao.

Mama wa Kihindi hakucheka. Alikuwa anafunga chupa yake ya chai, akaniangalia.

"Na mama yako mwenyewe, mzima?"

"Alifariki, mama. Mwaka juzi."

"Mwaka juzi si ulikuwa unakaa hapa?"

"Hapahapa. Nilikwenda kuzika, nikarudi."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

Mama akavua viatu alivyokuwa ameshavaa, akakaa tena juu ya mkeka na kufungua chupa. Mwenye duka alikuwa keshafika chini. Mama akamwita kwa sauti iliyojaa ngazi zote:

"Wewe, rudi! Msiba upo, ni sisi tu tumechelewa."