Ji Yake, Ji Yetu

Nilisoma fasihi chuo kikuu, na hapa Rumonge, kusini mwa Burundi, hilo linatosha mtu kufanywa mhandisi. Kompyuta ya shule ikigoma, naitwa mimi. Printa ikimeza karatasi, naitwa mimi. Sijawahi kukiri mbele ya watu kwamba dawa yangu ni moja tu, kuzima na kuwasha. Heshima ni tamu, na nimefika umri wa kupenda vitamu vyote nilivyokatazwa.

Ndiyo maana barua pepe za shule zilipoanza kupotea, katibu wetu alinifuata mimi.

Katibu huyo alikuwa pia mwalimu wa biolojia. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akasoma huko, akarudi na wazazi wake kwenye nchi aliyoijua kwa masimulizi tu. Mwaka huo aliomba nafasi ya kusoma shahada ya pili ng'ambo. Faili lake lilikamilika isipokuwa kwa kitu kimoja: barua ya shule ya kumthibitisha, ambayo ilipaswa kutoka kwenye anwani ya shule yenyewe, si ya mtu binafsi, kabla ya Ijumaa jioni. Chuo cha huko hakikupokea mtu aliyepita miaka thelathini na mitano. Yeye angeipita kabla ya mwaka kwisha.

Barua tulishaituma mara mbili. Mara mbili walijibu kwamba hawajaona kitu. Ilikuwa inaangukia kwenye taka zao, yaani folda ya barua zinazotiliwa shaka.

Nikakaa siku nzima kusoma mambo ya mtandao, na nikaelewa kiasi cha kuwa hatari. Mtu yeyote anaweza kuandika juu ya bahasha kwamba ametoka shuleni kwetu. Kwa hiyo siku hizi anayepokea huenda kwanza kwenye rejista ya wazi ya jina la shule mtandaoni, akachukua ufunguo uliowekwa pale, akautumia kukagua saini iliyofichwa ndani ya barua. Kwetu hapakuwa na ufunguo. Kwa macho ya dunia, shule yetu, pamoja na kengele yake na harufu ya mawese inayoingia madirishani kutoka kwenye mashine ya jirani, ilikuwa tapeli.

Ufunguo ulikuwa mstari wa herufi zaidi ya mia mbili, usio na neno hata moja la lugha yoyote. Tuliuchapa kwenye karatasi Jumatano. Lakini rejista ilikuwa mikononi mwa fundi aliyetutengenezea tovuti, na fundi aliishi Bujumbura. Alhamisi asubuhi intaneti ya Rumonge ikakatika. Ikabaki simu ya sauti.

Nilimwambia katibu amsomee. Miwani yangu ilikuwa nyumbani, nimeiacha makusudi kwa sababu inanizeesha.

Basi akaweka simu kwenye spika, akasoma herufi kwa herufi, kubwa na ndogo, kidole kikitembea juu ya karatasi. Irabu alizisoma Kiswahili. Zilizobaki alizisoma kama alivyofundishwa Tanzania, yaani Kiingereza. Fundi, kama mimi, alikariri herufi kwa Kifaransa. Aliposema "wai" fundi akauliza ni mnyama gani huyo, nikalazimika kuingilia na kusema *i grec*, yaani Y. Kwenye "dabliu" walicheka wote wawili.

"Dada, wewe iko unasoma ama iko unapiga chafya?" fundi aliuliza.

"Andika, kaka. Utacheka ukimaliza."

Walipomaliza, fundi akaurudia mstari mzima kwa sauti. Katibu akafuata kwa kidole na kuitikia ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho. Hakuna herufi waliyopishana. Hapo nami nikaona nitoe mchango wa kisomi. Nilikuwa nimesoma kwamba mwenye jina anaweza kuweka amri: barua isiyolingana na ufunguo isitupwe takani, ikataliwe kabisa mlangoni. Nikamwambia fundi aiweke. Nilisema shule makini haifanyi mambo nusunusu.

"Muzee, nimeweka. Iko vert," fundi alisema, yaani alama ya kijani imewaka kwenye skrini yake.

Ijumaa asubuhi mtandao ulirudi. Katibu akatuma barua, skrini ikaandika kwamba imetumwa, tukanywa chai. Ukurasa wa maombi yake uliendelea kuandika kwamba barua ya shule inasubiriwa. Nilimweleza kwamba rejista za dunia huchukua muda kuamka. Nilikuwa nimesoma hivyo pia, na ni kweli, ila haikuwa ndiyo sababu.

Jumatatu nilivaa miwani. Nilifungua ukurasa wa ripoti ambao hatukujua kama upo, nikakuta neno moja, imekataliwa. Nikalinganisha karatasi na kilichoandikwa kwenye rejista. Kila penye G palikuwa na J, na kila penye J palikuwa na G.

Kwa Kiingereza chake, G ni "ji". Kwa Kifaransa chetu, "ji" ni J. Yeye akasema "jei", fundi akasikia "jé", akaandika G. Na fundi aliporudia, makosa yake yalitoka kinywani yakiwa na sauti ileile ya usahihi. Herufi zilizogombana tuliziuliza. Hizi mbili zilielewana mno, tukaziacha zipite. Na amri yangu ya kukataa ilifanya kazi bila dosari. Kabla sijasaidia, barua ilikuwa walau takani, mahali ambapo mtu mwema angeweza kuinama akaiokota.

Nilimweleza katibu yote, pamoja na lile la amri. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama ni yeye aliyesoma vibaya. Nikasema hapana, alisoma vizuri. Sijui kama aliniamini.

Fundi akarekebisha, tukatuma tena, si kwa matumaini bali kwa sababu barua ilikuwa tayari. Jibu lilikuja kabla katibu hajafunga kompyuta. Walishukuru kwa barua, wakasema imewafikia salama, na kwamba orodha ya mwaka huu ilifungwa Ijumaa.

Alilisoma mara mbili.

"Sasa wameamini ni sisi," alisema.

Darasa la biolojia lilikuwa linamsubiri. Akachukua chaki, akaenda.