Ile ya Kaseti na Ile ya Sidii

Tarehe 9 Novemba 2002, siku ya Jumamosi, mdogo wangu alifariki katika wodi ya wanaume, Kajiado. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Moyo wake ulikuwa umeharibika tangu utotoni, na daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba dawa zingempunguzia maji mwilini, basi. Hazingemponya.

Ninaandika juu ya mashine ya michezo ya televisheni kwa sababu katika yote yaliyompata, hilo ndilo nililomfanyia kwa mkono wangu mwenyewe, na nililifanya vibaya.

Miezi yake ya mwisho aliishi kwangu Kitengela, nilikokuwa nikikata nyama katika bucha. Nyumbani kwetu ni upande wa Bisil, ndani kabisa, na hangeweza tena kutembea kutoka huko hadi barabarani. Kwangu alikuwa na kitanda kando ya dirisha, na stima, na televisheni. Shuleni alikuwa amecheza winga kabla ya moyo kumkataza. Sasa kwenda choo cha ploti, cha wapangaji wote, na kurudi kulimmaliza. Siku za mpira aliweka redio kifuani, akawa anarudia maneno ya mtangazaji polepole, midomo tu ikisogea.

Mwezi wa Agosti alimtumia baba ujumbe amuuzie mtamba wake. Kwetu kila mtoto hupewa ndama akiwa mdogo, na huyo na uzao wake ni mali yake. Baba alidhani pesa ni za hospitali. Aliposikia ni za mashine ya kuchezea mpira kwenye televisheni alisema tu, "Ni ng'ombe wake."

Mashine zilikuwa mbili katika duka la fundi wa redio, zimekaa pamoja kwenye rafu. Moja ilikuwa ya kaseti, nyingine ya sidii. Mdogo wangu alikuwa amezisikia kwa vijana wa ploti, naye hakuwa na shaka yoyote.

"Chukua ile ya sidii," aliniambia. "Hiyo iko na mtangazaji. Anataja wachezaji kwa majina."

Nilikwenda peke yangu. Fundi aliniteremshia zote mbili.

"Hii ya sidii picha yake ni mpira wa kweli," alisema. "Lakini nisikudanganye, jicho lake la kusomea sidii linachoka. Wengine wanaigeuza kichwa chini ndiyo isome."

"Kichwa chini?"

"Kama kuku anapelekwa sokoni."

"Na hii ya kaseti?"

Aliipiga kofi mgongoni. "Hii? Hii itatuzika wewe na mimi."

Kwetu mtu hanunui ng'ombe kwa kuangalia maziwa ya wakati wa mvua. Anauliza ni yupi atakayerudi kwa miguu yake baada ya kiangazi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyochagua. Nilichukua ya kaseti.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ni mazoea ya mfugaji. Lakini si hayo tu. Mbele ya ile rafu niliwaza watoto wangu wawili. Niliwaza kwamba ile ya kaseti wangeichezea miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Niliwaza hivyo waziwazi, naye akiwa hai, akinisubiri dirishani.

Alifungua mfuko, akatazama.

"Hii siyo."

"Fundi anasema ile nyingine inaharibika haraka."

"Haraka kuliko mimi?" Alicheka. Kisha akaigeuza mkononi, akasema bila ubaya wowote, "Watoto wako watafurahi."

Nilitoka nje nikanawa mikono, na haikuwa michafu.

Aliicheza. Mpira wake ulikuwa wa vijitu visivyo na uso, vinakimbia vyote pamoja, na wimbo mmoja unaorudi na kurudi. Kwa kuwa mtangazaji hakuwepo, alijaribu kutangaza mwenyewe. Maneno matatu, manne, pumzi inakatika. Anapumzika, na vijitu vinamsubiri. Baada ya siku chache aliwaachia watoto, akawa anawatazama wao.

Mke wangu aliniambia jikoni, "Baba watoto, si urudishe hicho kitu? Kwani humwoni?"

Nilimjibu kwamba fundi hapokei kitu kilichotumika. Sikuwa nimemuuliza fundi. Septemba ikaisha hivyo, na Oktoba yote. Kurudi dukani kungekuwa kukiri, na mimi nilitaka tuendelee kusema kwamba ile ya sidii huharibika.

Mwisho wa Oktoba maji yalipanda, miguu ikavimba hadi mapajani. Ndipo nikaenda. Fundi hakubisha hata kidogo. "Ungekuja zamani," alisema. "Leta hiyo, uongeze kidogo, ubebe hii."

Ilikuwa Jumapili mchana, tarehe tatu Novemba. Fundi mwenyewe alikuja kuunganisha nyaya, akaenda zake. Uwanja ukatokea, nyasi kijani, watu wenye nyuso, na yule mtangazaji akaanza kusema Kiingereza kwa sauti kubwa. Mdogo wangu alitabasamu kwa macho tu. Nikamwekea kibonyezeo cha kuchezea mikononi. Vidole vilikuwa vimevimba. Alibonyeza mara mbili, kikateleza kwenye blanketi. Akakiangalia pale kilipoanguka, hakukiokota.

"Cheza wewe," alisema.

"Mimi sijui."

"Cheza."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikacheza. Sikuwa nimewahi kukigusa.

"Pitisha. Pitisha! Si huko, huko ni kwetu. Ero! Wewe mzee, unajifunga!"

Nilijifunga kweli. Mtangazaji alipiga kelele na mdogo wangu akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Mke wangu alikuja mbio akamwinua, akamshika mgongo. Kilipotulia midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilingoja aangalie tena televisheni. Hakuangalia.

"Zima," alisema. "Huyo mtu ananipigia kelele."

Nilizima televisheni. Mashine sikujua inazimwa wapi, na sidii iliendelea kuzunguka ndani mpaka mke wangu akachomoa waya ukutani. Mdogo wangu alikuwa amegeukia dirisha. Nilimwita, nikitaka kumwambia kwa nini nilichagua ile ya kwanza. Alisema, "Nimechoka, kesho."

Kesho yake asubuhi tulipata pikapu, tukamlaza nyuma juu ya godoro, tukampeleka Kajiado. Njiani aliomba maji mara moja.